Bwana Kesho Hayupo Zizini

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili si langu. Kalinunua mke wangu, akaandika ukurasa wa kwanza kwa ule mwandiko wake wa kadi za kliniki: "Ng'ombe kwanza, halafu kuku. Mwagilia kabla hujaenda sokoni. Usiuze maboga. Kila siku andika ulichofanya, hata mstari mmoja. Nitasoma." Jana asubuhi binti yetu akaja kumchukua, akafanyiwe upasuaji wa nyonga katika mji anaokaa yeye. Mimi nimebaki na daftari, kompyuta, na shamba ambalo halipo popote duniani.

Mke wangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, vidole vikiwa vimeanza kuvimba kwenye viungo, binti yetu alimletea kompyuta yake ya zamani ikiwa na gemu ya shamba. Nikasema ataichoka baada ya wiki moja. Huu ni mwaka wa tatu. Ana ng'ombe wanne, kuku kumi na mmoja, kisima, na maboga ambayo kila anayebisha hodi lazima asimuliwe habari zake. Mimi ni fundi saa. Chumba changu cha kazi kiko mbele, kinatazama barabara. Chake ni kile kidogo cha nyuma. Miaka yote mitatu nimemsikia kupitia ukutani akigombana na kuku.

Leo nimekaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza. Nimelisha ng'ombe, au nadhani nimelisha. Nilibonyeza mahali, moyo mwekundu ukatokea juu ya kichwa cha ng'ombe. Sijui ni shukrani au ni ugonjwa.

Mvua imeanza saa nane mchana.

Jumanne, 4 Machi

Ng'ombe. Kuku. Nimesahau kumwagilia.

Ijumaa, 7 Machi

Upasuaji umekwenda salama. Binti yetu kapiga simu alasiri: "Baba, amezinduka. Kitu cha kwanza ameuliza maboga." Nikamwambia maboga hayajambo, nikakata simu haraka.

Nilipotulia nikaingia shambani. Nyuma ya zizi nimekuta punda. Ni wa kijivu, masikio yamelala, anapiga hatua mbili halafu anasimama kana kwamba amesahau anakokwenda. Nikampelekea mshale wa kompyuta, jina likatokea juu yake: Bwana Kesho.

Huko mtaani wananiita Fundi Kesho, maana kila mwenye saa yake namwambia apite kesho. Hilo nalijua siku nyingi na silijali. Kwamba na nyumbani kwangu nimefugwa, hilo sikulijua. Nimekasirika mpaka chai ikapoa. Baadaye nikarudi kumwangalia vizuri. Mwendo ni wangu, siwezi kubisha. Nikampa karoti.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimechukua saa ya kupimia mbio nikaiweka kando ya kompyuta. Siku nzima ya shambani, kuanzia jogoo anapowika mpaka mtu analazimishwa kwenda kulala, ni dakika kumi na mbili na sekunde arobaini. Nimepima mara tatu. Jua gani hili? Ukimaliza ng'ombe, kuku bado. Ukimaliza kuku, giza.

Na kuna jambo lingine la ajabu: siku haihesabiki mpaka ulale. Ukizima kompyuta kabla mtu wako hajapanda kitandani, kila ulichofanya siku hiyo hakikufanyika. Ukilala, basi, imeandikwa.

Mke wangu alizoea kutoka kule nyuma akijikanda vidole na kusema, "Jua linanikimbia, Fundi." Mimi nilidhani anazungumzia uzee, nikawa namjibu kwa maneno ya kumfariji. Kumbe mwenzangu alikuwa anatoa taarifa. Saa inayokimbia hutengenezwa. Akirudi atalikuta jua lake limetulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Kiranja. Ndilo jina ninalomwita mimi yule mwanamke mwenye duka la fotokopi hapa jirani, kwa sababu anapanga watu foleni hata ukiwa peke yako. Mke wangu ndiye aliyemzalisha mama yake, kwa hiyo nimemjua akiwa na umri wa siku mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jua la gemu linakwenda mbio. Nataka kulipunguza."

Hakucheka, na hilo likaniudhi zaidi. "Utahitaji modi," akasema. "Ni kitu wanachotengeneza wachezaji wenyewe, siyo wenye gemu. Unakiweka kwenye folda yake, gemu inakisoma. Kuna za kubadilisha rangi, kuna za kuongeza mnyama, na ya jua ipo."

"Yaani kipande cha fundi wa mtaani ndani ya saa ya kiwandani."

"Sema hivyo ukipenda. Lakini kabla hujagusa chochote, nakili shamba. Ile folda ya shamba yote, weka nakala pembeni. Halafu modi moja tu, unafungua, unajaribu. Ikikubali ndiyo ufikirie nyingine."

"Binti, nimefungua saa miaka arobaini bila kunakili chochote."

"Saa ya mtu ukiiua utamtafutia nyingine. Hili la mama utalitoa wapi?"

Nikaaga. Siwezi kupangwa foleni na mtu niliyemwona amefungwa kwenye khanga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu mwenyewe. Nikaandika kwenye mtandao "modi ya kupunguza jua". Ukafunguka ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani, vyote vimeandikwa PAKUA HAPA. Nikachagua kikubwa. Ikaja programu, ikataka niifungue, nikaifungua, nayo ikaniomba kwa adabu sana nizime kinga ya kompyuta ili kazi iendelee.

Ningesema niligutuka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafika pale pa kuzimia, kidole kiko juu ya kitufe, umeme ukakatika kwa sababu ya mvua, na kompyuta, ambayo betri yake ilishakufa, ikazimika. Kukaa gizani saa mbili kulinipa nafasi ya kufikiri. Umeme uliporudi, kabla sijagusa chochote, nikavaa koti na kuibeba kompyuta mpaka kwa Kiranja. Akaitazama ile programu.

"Mzee, mgeni akibisha hodi akakwambia ufungue mlango lakini kwanza uwafukuze walinzi, utamfungulia?"

Akaifuta, akaikagua kompyuta nzima. Ilikuwa nzima, bahati yangu. Akaniandikia kwenye karatasi jina la tovuti ambako wachezaji wa gemu hii huweka modi zao. "Usipakue kwingine. Na usipakue tu; soma. Soma imetengenezewa toleo gani la gemu. Soma inahitaji nini. Soma watu wanalalamika nini huko chini." Mimi si mtu wa kusoma maelekezo. Saa haiji na barua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Ng'ombe, kuku, karoti ya Bwana Kesho.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Yale yale. Boga la kwanza limekomaa, sijaliuza.

Alhamisi, 20 Machi

Ndama amezaliwa! Nimeamka shambani nikakuta ujumbe kwamba ng'ombe mweupe kazaa. Nikampigia mke wangu hapohapo, nikasahau kwamba ni saa ya mazoezi yake ya kutembea.

"Amesimama?" akauliza, ile sauti yake ya wodini.

"Amesimama."

"Ananyonya?"

"Gemu haionyeshi."

"Fundi, mtazame macho. Macho hayadanganyi."

Nikamtazama macho. Ni vidoti viwili vyeusi. Nikamwambia yana afya. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu alazwe, halafu akasema nisimchekeshe, nyonga inauma. Kisha akaongeza: "Miaka mitatu nimemngojea huyo ndama. Mtu nakwenda hospitali, ndiyo anazaliwa."

Leo nimefurahi kupita kiasi kwa mzee wa umri wangu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeipata modi ya jua kwenye ile tovuti. Ukurasa wake unasema haifanyi kazi peke yake, inahitaji nyingine ya msingi inayozibeba zote. Sikuelewa kwa nini kitu kidogo hivi kije na mbebaji, lakini sawa. Nikafungua folda ya modi ili niziweke zote mbili. Mbebaji yumo tayari! Na pembeni yake zimo folda nyingine mbili, majina yake ni herufi na namba tupu. Nani kaziweka? Binti yetu, nikasema, enzi kompyuta ikiwa yake. Watoto huacha vitu kila mahali.

Nikaweka ya jua, nikafungua. Maandishi mekundu yakapita mbio, kisha shamba likatokea na jua limesimama. Sisemi limepunguza mwendo. Limesimama juu ya kisima kama limepigiliwa msumari. Nikafunga bila kulala, nikaitoa ile folda, nikafungua tena. Jua likaanza kukimbia kama kawaida, shamba zima liko vilevile.

Kwa hiyo kutoa ni rahisi. Unatoa folda, mambo yanarudi. Sijui Kiranja alikuwa anatishia nini watu.

Alhamisi, 27 Machi

Ukurasa huu nitauchana.

Niandike kwa utaratibu, labda nitaelewa. Saa ikija kwangu, kitu cha kwanza natafuta kazi ya mafundi walionitangulia. Utakuta skrubu isiyo yake, kipande cha karatasi chini ya gurudumu, springi iliyokatwa kutoka saa nyingine. Kitu ambacho kiwanda hakikukiweka, natoa, natupa, ndipo naanza. Miaka arobaini sijawahi kujuta. Leo asubuhi nikaifikiria folda ya modi nikaona ni kilekile: jua limegoma kwa sababu kuna takataka za mtu mle ndani. Nikazifuta zile folda mbili za herufi na namba. Nikamwaga na pipa la takataka la kompyuta, kwa sababu sipendi uchafu. Nikairudisha modi ya jua.

Gemu ilipofunguka ikasema kuna kitu haikipati, je, niendelee? Nikabonyeza NDIYO. Kitu gani tena, wakati nimetoka kufagia?

Maandishi yote yalikuwa yamekuwa madogo. Nikavaa lenzi yangu ya jichoni. Jua limesimama palepale. Basi, nikasema, angalau nifanye kazi kukiwa na mwanga. Nikalisha ng'ombe, ndama, kuku. Nikachukua karoti nikaenda nyuma ya zizi.

Hakuwepo.

Nikazunguka shamba lote, nikaenda kisimani, sokoni, mpaka kwenye daraja ambako sijawahi kufika. Wanyama wa gemu hii hurudi zizini ukilala. Nimewaona kuku wakifanya hivyo kila siku. Nikasema ametoroka, atarudi. Nikalala. Asubuhi hakuwepo. Nikalala tena. Nikalala mara tatu, na kila mara nilikuwa najiona mwenye akili.

Ndipo nikakumbuka kwamba ukilala imeandikwa.

Pipa la takataka nimeshalimwaga. Modi ya jua nimeitoa, jua linakimbia tena, punda hayupo. Nimekaa kwenye kiti chake mpaka chumba kikawa na baridi. Sielewi. Folda mbili za mtu asiyejulikana, na punda wa mke wangu. Vinahusiana nini?

Ijumaa, 28 Machi

Binti yetu kapiga asubuhi. Kidonda kimepata usaha, mama ana homa, wamemrudisha wodini. Nikauliza kama nije. "Barabara imekatika kwa mvua, Baba. Utafikaje? Subiri."

Mchana akampa mama yake simu. Sauti ilikuwa ndogo.

"Fundi."

"Nipo."

"Bwana Kesho hajambo?"

Hajawahi kumtaja kwangu. Nadhani alisahau kwamba sikutakiwa kumjua, au homa imemfanya asijali.

"Hajambo," nikasema.

"Anakula?"

"Anakula."

Jumamosi, 29 Machi

Nimedanganya tena. Karoti mbili, nilimwambia.

Jumapili, 30 Machi

Homa haijashuka. Mvua tangu alfajiri. Nimekaa mezani na saa ya mteja wangu, mwalimu mkuu, imefunguliwa mbele yangu, sijaigusa.

Nimejiuliza kwa nini naumia hivi kwa ajili ya punda wa kuchorwa wakati mke wangu mwenyewe yuko kitandani na homa. Nimeona ni kwa sababu homa yake siwezi kuifanyia kitu. Daktari hata haniambii mimi, anamwambia binti yetu. Kitu pekee alichonikabidhi mkononi kilikuwa shamba, na kitu pekee anachouliza ndicho hicho kimoja nilichokipoteza. Naogopa atakufa akiamini uongo wangu. Naogopa pia atapona na kuujua.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Kiranja nikamwambia yote. Nikasimama kwenye foleni, ingawa nilikuwa peke yangu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Zile folda hazikuwa za dada," akasema. "Za mama. Aliziweka mwenyewe, hapahapa kwenye kaunta. Moja ni ya kukuza maandishi, macho yanamsumbua. Ya pili ni ya punda. Gemu yenyewe haina punda, mzee. Hakuna hata mmoja."

"Mke wangu aliweka modi?"

"Wiki tatu alikuwa anakuja na daftari kujifunza. Nilimuuliza kwa nini punda, wakati kuna modi za farasi wazuri. Akasema farasi wa nini. Anataka mnyama asiye na haraka, anayemkuta palepale kila akiamka."

Nikageuka nikawa natazama mashine ya fotokopi.

Kisha nikamuuliza kama tukiirudisha folda, punda atarudi. Akatikisa kichwa. Folda, anasema, inaifundisha gemu tu kwamba kuna mnyama anaitwa punda. Lakini Bwana Kesho mwenyewe, jina lake, umri wake, karoti zake, aliandikwa kwenye shamba, na mimi nililala mara tatu shamba likaandikwa bila yeye. "Utapata punda mwingine, mgeni. Ndiyo maana modi iliyoongeza kitu haiondolewi kama ulivyofanya. Kwanza unakitoa kile kitu shambani. Unanakili. Halafu folda unaihamisha pembeni, hufuti. Unafungua, unatazama, na hulali mpaka uridhike."

"Kwa hiyo amekwisha."

"Sijasema." Akavuta droo akatoa bahasha ya kahawia. Mwandiko wa kadi za kliniki: SHAMBA, JUMAMOSI TAREHE 1 MACHI. Ndani mna flashi. "Kila mwanzo wa mwezi analeta nakala. Ya shamba na ya modi zake. Nilikwambia unakili, ukaniaga."

Nikaishika ile bahasha. Furaha yangu ilidumu hatua mbili kuelekea mlangoni, halafu nikasimama. Tarehe moja Machi. Ndama alizaliwa tarehe ishirini.

Alhamisi, 3 Aprili

Punda au ndama. Sijaamua.

Jumamosi, 5 Aprili

Homa imeshuka! Ameomba uji akamaliza. Ameuliza ndama anakua? Nikasema anakua. Hilo angalau ni kweli, kwa sasa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeamua. Ndama ni wangu kwa maana fulani. Alizaliwa mikononi mwangu. Punda aliwekwa na yeye. Ukikabidhiwa kitu unarudisha kile ulichokabidhiwa.

Nimebeba kompyuta kwa Kiranja chini ya mwavuli mmoja, na kitambaa changu cheupe mfukoni. Nikifungua saa hukitandaza, kila kipande nakiweka kwa mpangilio kilivyotoka, ili kurudi nisipotee. Nikakitandaza kwenye kaunta yake, nikaweka vikaratasi: shamba la leo, shamba la Machi, mbebaji, maandishi, punda, jua. Mtu mmoja aliyekuja kutoa fotokopi akauliza kama tunacheza bahati nasibu. Kiranja akamwambia akae foleni.

Hatua kwa hatua. Kwanza tumenakili shamba la leo, lenye ndama, kwenye flashi nyingine, bahasha nyingine. Nilitaka kuandika mwenyewe: SHAMBA, NDAMA YUMO. Halafu tumerudisha la Machi. Mbebaji, fungua, funga. Maandishi, fungua, herufi zikawa kubwa, nikavua lenzi. Funga. Punda, fungua.

Alikuwa nyuma ya zizi. Alipiga hatua mbili akasimama. Nimesema "Habari za siku nyingi, mzee mwenzangu," kwa sauti, mbele ya wateja.

Modi ya jua tumeiacha ya mwisho, na leo nimesoma ukurasa wake wote, mpaka malalamiko. Mtu wa saba kutoka chini analalamika jua limemsimamia tangu gemu isasishwe. Mwenye modi kamjibu kwamba kuna toleo jipya, yeye alipakua la zamani. Nami nilikuwa nimepakua la zamani. Majibu yalikuwepo siku zote, sentimita nne chini ya kitufe. Tukaweka jipya. Nikatoa saa ya kupimia, tukakaa wote wawili tukingoja. Dakika ishirini na tano na sekunde ishirini. Mara mbili kamili.

Nikafunga bila kulala. Shamba libaki tarehe moja Machi kama alivyoliacha.

"Umefanya kazi safi, mzee," Kiranja akasema. Neno hilo nimelichukua nikaenda nalo nyumbani. Nimekuwa nikimwita Kiranja kwa kebehi. Sasa naona shule nzima ingekuwa salama zaidi naye.

Jumatatu, 14 Aprili

Sina ng'ombe wa kulisha. Ni ajabu jinsi asubuhi ilivyo ndefu.

Jumapili, 20 Aprili

Ameuliza ndama tena. Nikasema mtandao mbaya, sikusikii.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua zimepungua, barabara imefunguliwa. Wanakuja Jumamosi ijayo. Nimechukua wembe wa kazini nikalikalia daftari hili. Kurasa za tangu tarehe ishirini na saba Machi mpaka leo zikitoka, hakuna atakayejua; naweza kukata karatasi bila kuacha hata unyuzi. Lakini ukizitoa hizo, kilichobaki ni mzee aliyelisha ng'ombe na kuku, na ndama ambaye hayupo. Nimeurudisha wembe kwenye kisanduku chake.

Jumamosi, 3 Mei

Amefika saa nne asubuhi, ana fimbo, amekonda, na amemkaripia dereva kwa kuendesha vibaya, kwa hiyo ni mzima. Alinishika shavu akaniuliza nani alikuwa ananipikia, maana nimekonda kumshinda yeye.

Hakukaa sebuleni. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, fimbo ikigonga sakafu, nami nyuma yake nimebeba mto wa kukalia. Akafungua shamba. Akatazama tarehe pembeni ya skrini. Akatazama maboga, machanga kama alivyoyaacha. Akaenda zizini akahesabu.

"Fundi. Ndama yuko wapi?"

"Daftari," nikasema, nikampa.

Alisoma lote palepale. Mimi nilisimama mlangoni kama mume anayengojea nje ya chumba cha uzazi, kitu ambacho amewahi kunisimulia mara nyingi na sikuwa nimekielewa. Alicheka pale pa moyo mwekundu. Pale pa Bwana Kesho alifunika uso kwa daftari. Alipofika tarehe ishirini na nane aliacha kucheka, akasoma taratibu, akarudi nyuma akasoma tena ya tarehe thelathini.

"Ulinidanganya nikiwa na homa."

"Nilikudanganya."

"Karoti mbili."

"Nisamehe, mke wangu."

Akalifunga daftari. Nikatoa zile bahasha mbili nikaziweka mezani. "Hii ya ndama, kila kitu nilichofanya kimo, punda hayumo. Hilo lililofunguliwa lina punda, na sijafanya kitu ndani yake. Chagua. Nimeshajifunza kubadilisha."

Hakuigusa bahasha. "Huyo ndama mmemzalisha bila mimi," akasema. "Mtu anatazama macho ya vidoti anasema yana afya! Nimezalisha mtaa huu mzima, nikose ng'ombe wangu mwenyewe? Muache huko. Atazaliwa tena, na safari hii nitakuwepo."

Akafungua daftari kwenye ukurasa wa pili akaliegemeza kwenye kikombe. "Haya. Jumatatu, tarehe tatu. Ng'ombe kwanza. Vuta kiti."

Nikavuta kiti. Alilisha ng'ombe mmoja mmoja, vidole vinakwenda polepole, mimi namsomea nilichofanya na yeye anasahihisha. Alimaliza kuku. Akamwagilia maboga, yakabaki mawili. Akaenda nyuma ya zizi na karoti, akakaa huko. Halafu nikaona anainua kichwa na kutazama pembeni ya skrini, anasubiri kitu ambacho hakiji.

"Mbona jua halijazama?"

"Nimelitengeneza."

Akanigeukia. "Wewe? Umemaliza lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Fundi Kesho," akasema, na akageuka tena kwenye skrini kwa sababu maboga mawili ya mwisho yalikuwa bado, na muda ulikuwepo.